Mnara wa Simu Humfuata Nani?

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike ngano au mafumbo. Nikamwambia, "La, mimi nina jambo langu la minara ya simu." Akacheka, kisha akanipa nafasi hii. Basi nipeni masikio.

Kwetu ni bondeni, katika bonde la Kerio, kati ya magenge ya Elgeyo na milima ya Tugen. Ukiwa juu huko Iten simu inashika bila taabu. Ukiteremka, mambo hugeuka; yategemea umesimama wapi. Nyanya yangu akitumiwa pesa kwa simu, hana budi kupanda mpaka kwenye mwamba fulani ndipo ujumbe uingie, na miguu yake si ya kupanda miamba tena. Kwa hiyo wazee wakisikia redioni kwamba netiweki ya 4G imewafikia zaidi ya watu 90 katika kila 100 nchini, husema, "Hao wanatudanganya mchana kweupe!"

Mimi nimelichunguza jambo hili kwa muda, na naona hawadanganyi. Hesabu yao ni sahihi. Lakini ni hesabu ya watu, si hesabu ya ardhi, na hapo ndipo sisi tunapoachwa nje.

Tazama takwimu za sensa ya 2019. Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,540. Marsabit ilikuwa na watu 459,785 katika kilomita za mraba karibu 71,000. Sasa chukua mnara mmoja unaofika kilomita tano kila upande. Kwa hesabu ya duara tuliyofunzwa darasani, mnara huo unafunika kilomita za mraba 78 na nusu. Usimamishe Kiambu, utapata watu wapatao 75,000 chini yake. Usimamishe Marsabit, utapata kama 500 tu, tena baadhi yao wamehama na ngamia! Gharama ya chuma ni ile ile. Mwenye biashara ataanzia wapi? Hata mimi ningeanzia Kiambu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kampuni ya Safaricom iliandikishwa 1997. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua hisa asilimia 40, na Oktoba mwaka huo huduma ikafunguliwa rasmi. Mwaka huo huo Kencell nayo ikaingia sokoni. Ndiyo iliyokuja kuitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 Airtel. Miji ilipata kwanza, barabara kuu zikafuata, halafu vituo vya biashara. Ilipofika 2007 na M-Pesa ikaanza, simu haikuwa ya kusalimiana tu. Kukosa netiweki kukawa ni kukosa benki.

Yaliyobaki ni ya fizikia. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na kilima hutupa kivuli nyuma yake. Sisi wa bondeni tunakaa kivulini. Masafa ya chini, kama megahezi 900, huenda mbali na hupinda kidogo kuliko yale ya 1800, ndiyo sababu mahali pengine utaweza kupiga simu lakini picha haifunguki. Hata penye uwanda mtupu kama jangwa la Chalbi, simu ya 2G ya kawaida haivuki kilomita 35 kutoka mnarani. Sababu yake inanifurahisha sana: simu zinazotumia mnara mmoja hupeana zamu za kusema, kila moja kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Simu iliyo mbali kupita kiasi, jibu lake huchelewa na kumkuta mwenzake ameshaanza zamu yake. Kama vile darasani kwetu wakati wa mjadala!

Tena mnara haukai peke yake. Unahitaji stima, na pasipo stima ni jenereta au sola. Unahitaji pia kuungana na wenzake, aghalabu kwa lile sahani jeupe unaloliona juu, ambalo ni lazima lilione sahani la mnara mwingine bila kizuizi. Kwa hiyo kuifikia lokesheni moja ya mbali huenda kukadai minara kadhaa njiani. Kuna waliojaribu kuikwepa minara kabisa. Julai 2020 kampuni ya Loon, pamoja na Telkom Kenya, ilirusha mabaluni ya netiweki kiasi cha kilomita 20 angani juu ya sehemu za nchi yetu. Januari 2021 ikatangazwa kwamba Loon inafungwa. Gharama hazikushuka vya kutosha. Mnara umebaki kuwa mnara.

Je, mtu wa kawaida ataufuatiliaje uenezi huu? Mimi hutumia daftari la kurasa 48. Kila nikienda nyumbani likizo huandika mahali, tarehe, na kile simu inachoonyesha. Herufi E ni 2G iliyoboreshwa, H ni 3G, na 4G hujitaja yenyewe. Neno la maana kuliko yote ni lile linalowaudhi watu: "simu za dharura tu". Usilipite hivi hivi. Maana yake kwa kawaida ni kwamba kampuni yako haifiki hapo, lakini kampuni nyingine inafika, na simu yako imeisikia. Hapo mnara upo. Wa kwako ndio haupo. Mahali ambapo hata neno hilo halitokei, pameachwa na wote. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na barua ya kuomba msaada haiwezi kuwa moja.

Nasema barua kwa sababu pa kuipeleka papo. Sheria ya 2009 ilianzisha hazina ya huduma kwa wote, na kampuni za mawasiliano hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka kwa ajili yake. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano. Hazina hii iliwekwa hasa kwa pale ambapo watu 500 hawamvutii mfanyabiashara. Mamlaka huhesabu kwa kata ndogo. Mzee akilalamika barazani kwamba "huku kwetu hakuna netiweki", malalamiko hayo hayana pa kuandikwa. Lakini taja kata ndogo, shule iliyo hapo, zahanati, na ni kampuni gani zimejaribiwa, basi karani ana la kujaza. Chifu wetu ameomba nakala ya kurasa zangu nne, nami nimempa.

Zoezi kwa wasomaji: Lamu ilikuwa na watu 143,920 mwaka 2019, katika kilomita za mraba kama 6,250. Mnara wetu wa kilomita tano utawapata wangapi? Kisha sema kwa nini jibu lako halitoshi, ukikumbuka kwamba sehemu ya duara hilo yaweza kuwa bahari. Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga muhula.