Kuacha wodi si kuacha uuguzi

Kila aliyewahi kulazwa hospitalini anamjua sista. Ndiye anayepima joto alfajiri, anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongoni, na ndiye anayeitwa usiku wa manane maumivu yanapozidi. Jambo tunalolisahau ni kwamba sista naye ana mgongo, ana usingizi, na ana moyo unaochoka. Juma hili tuwaangalie wauguzi wenyewe, wa kike na wa kiume, hasa wale wanaojiuliza: Je, nitaiweza kazi ya wodi hadi nistaafu? Na nikiiacha, nitafanya nini?

KAZI INAYOLA MWILI

Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Muuguzi humwinua mtu mzima kutoka kitandani mara kadhaa katika zamu moja, pengine bila msaidizi. Pingili za kiuno hubeba uzito huo, na diski laini zilizo kati ya pingili huchakaa kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu ya kiuno ni malalamiko ya kawaida kwa wauguzi kote duniani.

Zamu za usiku nazo zina gharama. Mwili una saa yake inayofuata mwanga wa jua. Anayelala mchana hulala kwa muda mfupi, na usingizi wake huwa mwepesi. Wanaofanya kazi hivyo kwa miaka mingi huwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari na maradhi ya moyo.

Kisha kuna uchovu wa moyo. Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa na nguvu kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayoletwa na dhiki ya kazini iliyodumu bila kutulizwa. Dalili zake ni tatu: kuchoka kabisa, kuichukia kazi au kutowajali unaowahudumia, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana.

JICHUNGUZE KWANZA

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, jua ni nini hasa unachokikimbia. Uchovu wa kawaida huisha ukienda likizo. Lakini ikiwa kwa majuma mawili au zaidi una huzuni kila siku, hupati usingizi hata usiku usio na zamu, na hata mambo uliyoyapenda nyumbani hayakufurahishi, huenda ikawa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Huu hautabaki wodini ukiondoka; utafuatana nawe hadi kazi mpya. Mwone daktari. Unatibika, na uamuzi mkubwa kama huu ni afadhali ufanywe baada ya matibabu.

Ikiwa tatizo ni mgongo, omba daktari akuandikie barua ya kazi nyepesi. Kuhamishiwa kliniki ya chanjo au ya wagonjwa wa nje kunaweza kukupa nafuu bila kupoteza mshahara.

Wapo pia wanaofikiri dawa ni kwenda ng'ambo. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba kuhusu wahudumu wa afya mnamo 2021, na wauguzi wetu wengi wako huko. Lakini kitanda cha London ni kitanda tu. Ikiwa kinachokuumiza ni kuinua wagonjwa na kukesha, ndege haitakuponya.

NJIA ZILIZOPO

Kufundisha. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina matawi katika kaunti nyingi, na vyuo vikuu pia hufunza wauguzi. Aliyekaa wodini miaka kumi ana mengi yasiyopatikana vitabuni. Atahitaji kuongeza elimu, lakini si lazima aache kazi ili asome. Tangu 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi wamewawezesha wauguzi wenye vyeti kusomea diploma kwa tarakilishi huku wakiendelea na kazi.

Utafiti. Taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa 1979, na mashirika yanayoshirikiana nayo huajiri wauguzi. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay mnamo 2019 ilikuwa imejaribiwa kwanza kwa watoto wa Kilifi, Siaya na Kombewa. Katika kazi kama hiyo lazima awepo mtu wa kumweleza mama kwa lugha anayoielewa, kuchukua damu na kufuatilia mtoto. Muuguzi anaifaa sana.

Afya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Viwanda, mashamba ya maua na shule za bweni huhitaji mtu anayejua huduma ya kwanza na kinga.

Bima na rekodi. Kampuni za bima huhitaji watu wanaoweza kusoma faili ya mgonjwa na kujua kama matibabu yanayodaiwa yalistahili. Hospitali nazo, zikiwa zimeingiza rekodi katika tarakilishi, humhitaji anayeelewa wodi na mashine pia.

Zahanati yako mwenyewe. Sheria inamruhusu muuguzi aliyehitimu na kupata leseni ya kujitegemea. Hapa tahadhari: kodi ya nyumba na dawa hulipwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na usiku utaamshwa vilevile.

KABLA YA KUONDOKA

Usiache mbachao kwa msala upitao. Fanya haya manne:

1. Usiache leseni yako ife. Endelea kuihuisha na kuhudhuria mafunzo yanayotakiwa, hata ukiwa ofisini.

2. Uliza ofisi ya wafanyakazi kwa maandishi: nikiondoka sasa, pensheni yangu itakuwaje?

3. Weka akiba ya kukutosha miezi sita. Usianze safari kwa mkopo.

4. Ijaribu kazi mpya siku zako za mapumziko. Zungumza na aliyeitangulia.

WALIOTANGULIA

Florence Nightingale aliwahudumia askari huko Scutari, Uturuki, kutoka 1854 hadi 1856 tu. Afya yake ilidhoofika, na miaka mingi iliyofuata, hadi alipofariki 1910, alifanya kazi kwa kalamu na takwimu, akageuza namna hospitali zinavyoendeshwa. Hapa kwetu, Eunice Muringo Kiereini alikuwa muuguzi mkuu wa taifa, kisha akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi kutoka 1981 hadi 1985. Hakuna anayethubutu kusema kwamba hawa waliukimbia uuguzi.

Kwa hivyo wewe uliye na mke, mume au mzazi muuguzi, akikuambia amechoka na wodi, usimwambie ni mvivu. Muulize mgongo unaumaje na usiku wa jana alilala saa ngapi. Kisha keti naye mpige hesabu pamoja.