Zebaki Ikifungiwa Hufanya Kazi, Ikiachiwa Huua

Ndugu msomaji, umewahi kuona taa ndefu ya mrija dukani au kwenye zahanati? Taa hiyo ni kioo kilichozibwa pande zote mbili. Ndani yake mna gesi na zebaki kidogo sana. Umeme ukipita ndani ya mrija, mvuke wa zebaki husaidia kutoa mwanga.

Katika miji mikubwa yapo pia mabango ya mirija ya vioo. Maandishi yake huwaka usiku. Mrija wa rangi nyekundu hutiwa gesi ya neoni. Mrija wa rangi ya buluu mara nyingi hutiwa gesi nyingine pamoja na tone la zebaki. Fundi huuziba mrija kwa moto ili kitu chochote kisitoke. Mrija wa zamani ukiletwa kutengenezwa, fundi mwangalifu huondoa zebaki kwanza. Haupashi moto mrija ukiwa na zebaki ndani.

Kwa nini fundi huyu anajihadhari na tone moja tu? Swali hili linatuhusu sisi wa Ushirombo. Zebaki hiyohiyo imo katika karai la mchimbaji wa dhahabu.

Zebaki ni nini?

Zebaki ni madini ya majimaji. Inang'aa kama fedha. Ni nzito sana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu hivi.

Zebaki hushikana na dhahabu. Ndiyo maana wachimbaji wadogo huitumia. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, zebaki hutiwa katika mchanga wenye dhahabu. Zebaki hukusanya chembe za dhahabu na kufanya donge. Kisha donge hilo huchomwa.

Kwenye moto, zebaki hugeuka mvuke ikifika nyuzi joto 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 1,064. Kwa hiyo zebaki huondoka na dhahabu hubaki. Je, zebaki imekwisha? La. Imeingia hewani, na watu walio karibu wanaivuta.

Sumu isiyonuka

Mvuke wa zebaki hauonekani. Haunuki. Hauwashi macho kama moshi wa kuni. Kwa sababu hiyo mtu huketi karibu nao bila wasiwasi.

Ukivutwa, mvuke huingia mapafuni, kisha katika damu. Hufika kwenye ubongo na figo. Anayevuta mvuke mwingi kwa mara moja anaweza kukohoa, kubanwa kifua, hata kufa. Anayevuta kidogo kidogo huugua polepole. Mikono hutetemeka. Usingizi hupotea. Husahau mambo. Hukasirika kwa jambo dogo. Jamaa zake huweza kudhani ni pombe, au kwamba amerogwa. Kumbe ni sumu.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni mama mjamzito na watoto. Zebaki hupita kutoka kwa mama na kumfikia mtoto aliye tumboni. Hudhuru ubongo wake unaokua.

Wapo wanaosema kwamba maziwa huondoa sumu hii. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi zebaki mwilini. Kitambaa cha kufunga pua nacho hakizuii mvuke. Hupita katikati ya nyuzi.

Habari ya Minamata

Minamata ni mji wa pwani huko Japani. Kiwanda kimoja kilimwaga maji machafu yenye zebaki katika ghuba. Zebaki iliingia katika samaki. Watu walikula samaki hao. Paka nao walikula, wakaanza kuweweseka na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa huo ulitangazwa rasmi. Watu wengi waliugua, na watoto walizaliwa na ulemavu.

Mwaka 2013 nchi nyingi zilipatana kupunguza matumizi ya zebaki. Mapatano hayo yaliitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hivyo zebaki iliyomwagwa mtoni haiishii pale mtoni. Inaweza kurudi mezani kwetu.

Nyumba ya mchimbaji

Tufikirie mchimbaji mmoja. Jioni amepata donge dogo. Anaogopa wezi, kwa hiyo halichomi mwaloni. Analipeleka nyumbani na kulichoma jikoni, kwenye jiko la kupikia. Mkewe anasonga ugali. Mtoto mchanga yumo mgongoni. Mlango umefungwa ili majirani wasione.

Mtu huyu ameificha dhahabu yake, lakini ameifungia sumu pamoja na watoto wake. Mvuke ukipoa hugeuka tena kuwa vitone vidogo vya zebaki. Vitone hivyo hukaa kwenye kuta, nguo, vyombo na sakafu. Kesho jiko likiwashwa, vinapanda tena hewani.

Hofu ya wezi ni ya kweli. Lakini dawa yake si jikoni. Wachimbaji wa kikundi wapime donge mbele ya wote. Walichome mchana, mahali palipokubaliwa, mbali na nyumba. Kisha wapime dhahabu mbele ya wote.

Tuifungie zebaki

Fundi wa taa huifungia zebaki ndani ya kioo. Mchimbaji naye ana chombo chake cha kuifungia. Chombo hicho huitwa ritoti.

Ritoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana sana. Kwenye kifuniko limeungwa bomba la chuma linaloteremka. Donge huwekwa ndani ya kikombe, na moto huwashwa chini yake. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa kitambaa chenye maji. Hapo hugeuka tena kuwa zebaki na kudondoka katika chombo chenye maji. Mchimbaji hupata dhahabu yake, na sehemu kubwa ya zebaki hurudi. Zebaki hununuliwa kwa fedha. Kuichoma wazi ni kuchoma fedha.

Ukitumia ritoti, shika mambo haya:

1. Itumie nje, penye hewa. Kaa upande unakotoka upepo.
2. Iwe ya chuma. Isiwe ya alumini, maana zebaki hula alumini.
3. Hakikisha kifuniko hakivujishi mvuke.
4. Mwisho wa bomba usizame ndani ya maji. Ritoti ikipoa inaweza kuvuta maji na kupasuka.
5. Usiifungue ikiwa bado ya moto. Subiri ipoe kabisa.

Dhahabu iliyochomwa hubaki na zebaki kidogo. Mnunuzi akiichoma tena dukani, naye ajihadhari. Wewe usisimame karibu.

Kutotumia zebaki kabisa ni bora zaidi. Serikali kupitia STAMICO ilijenga vituo vya mfano vya kuwafundisha wachimbaji wadogo kuchenjua dhahabu. Kimoja kilijengwa Katente, hapa Wilaya ya Bukombe. Kingine ni cha Lwamgasa, Geita. Kikundi chenu kiulize habari zake kwa ofisa madini.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Usiweke zebaki katika chupa ya soda. Mtoto anaweza kuichezea au kuinywa. Iweke katika chupa imara yenye kifuniko, uifunike kwa maji kidogo, kisha uifungie mbali na watoto.

Usishike zebaki kwa mikono mitupu. Karai la zebaki lisioshewe mboga. Nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Zebaki ikimwagika, au taa ya mrija ikivunjika, toa watoto nje. Fungua madirisha. Usifagie kwa ufagio, kwa sababu utatawanya vitone. Visukume taratibu kwa kipande cha boksi, uvitie katika chupa na kuifunga.

Ukiona mikono yako inatetemeka, nenda kituo cha afya. Mwambie mganga waziwazi kwamba unafanya kazi na zebaki. Usipomwambia, atawezaje kujua?

Ndugu msomaji, dhahabu hutafutwa ili familia iishi vizuri. Leo, kabla ya kulala, uliza: zebaki iliyomo nyumbani mwetu iko wapi, na imefungwa?

Maswali

1. Kwa nini mvuke wa zebaki ni rahisi kuvutwa bila mtu kujua?
2. Je, kitambaa cha pua huzuia mvuke huo?
3. Eleza jinsi ritoti inavyorudisha zebaki.
4. Kikundi chenu kitafanya nini ili mtu asichome donge jikoni kwa kuogopa wezi? Jadilianeni darasani.