Skrubu Iliyovunjika: Matengenezo ya Mfano wa Kichwa cha Garimoshi kama Somo la Kazi za Mikono

Utangulizi

Mji wa Tabora umekuzwa na njia. Kabla ya reli, misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilituama hapa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo mtoto wa Kitete si mgeni wa garimoshi, na mwalimu anayetaka kumfundisha juu ya mashine, vipimo au usafiri hana haja ya kutafuta mfano wa mbali.

Walimu wengi huwaongoza wanafunzi watengeneze mfano wa garimoshi kwa mbao na bati, wakautumia kama zana ya kufundishia. Zana hiyo ikiharibika, mara nyingi hufungiwa kabatini, isitoke tena. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba siku zana ilipovunjika yaweza kuwa siku yake bora ya kufundishia, ikiwa mwalimu atauliza swali linalofaa.

Kisa

Tuchukue kisa cha mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha, Darasa la Tano. Wanafunzi wametengeneza mfano wa kichwa cha garimoshi la mvuke kwa mbao za mninga. Kila upande una magurudumu matatu makubwa yaliyounganishwa kwa ufito mmoja wa chuma chembamba, ili yazunguke pamoja. Ufito umeshikwa katika kila gurudumu kwa skrubu ndogo ya shaba.

Mwanafunzi mmoja anaona kwamba ufito unachezacheza. Anachukua bisibisi na kukaza. Anakaza tena. Mara skrubu inakatika: kichwa kiko mkononi mwake, mwili umebaki ndani ya gurudumu. Darasa lote linanyamaza na kumtazama.

Hapo mwalimu aweza kuuliza, "Nani ameivunja?" Jibu lajulikana, wala halimfundishi mtu kitu, ila litamfundisha mtoto yule asiguse tena bisibisi. Au aweza kuuliza, "Imevunjikaje?" Swali hili ndilo linalofungua somo.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza sababu zilizofanya skrubu ikatike;
(b) kuchagua njia ya kuitoa kwa kutazama jinsi ilivyokatika;
(c) kutia skrubu mpya bila kuivunja.

Vifaa

Bisibisi, koleo, tupa ndogo, msumeno wa chuma, keekee yenye ncha nyembamba, gundi ya mbao, kipande cha sabuni, karatasi ngumu, skrubu za chuma na za shaba zenye ukubwa sawa, na mabaki ya mbao.

Hatua ya kwanza: Kutafuta sababu

Mwalimu asiharakishe kutengeneza. Awape wanafunzi kichwa cha skrubu wakipitishe mkononi, kisha azungushe polepole magurudumu yaliyobaki. Kwa maswali awaongoze waone mambo manne.

Kwanza, ufito huu hautakiwi kukazwa. Gurudumu linapozunguka, skrubu nayo huzunguka ndani ya tundu la ufito, kwa hiyo lazima pawe na nafasi ndogo. Mtoto aliona mchezo wa ufito akadhani ni kasoro, kumbe ndio uhai wa mashine.

Pili, mninga ni mbao ngumu. Skrubu iliyotiwa bila kutobolewa tundu la kuitangulia, au katika tundu jembamba mno, husokotwa kwa nguvu tangu siku ya kwanza.

Tatu, shaba ni laini kuliko chuma cha pua, haivumilii kusokotwa.

Nne, umbali kati ya matundu ya ufito lazima ulingane na umbali kati ya ekseli, na skrubu zote ziwe mbali sawasawa na katikati ya magurudumu yao. Visipolingana, kila mzunguko hupinda skrubu kidogo, na siku moja huikata.

Ikionekana kwamba sababu ya nne ipo, tundu la ufito lirekebishwe kwa tupa kabla ya jambo jingine. La sivyo skrubu mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Hatua ya pili: Kutoa kipande kilichobaki

Njia hutegemea jinsi skrubu ilivyokatika.

(i) Kipande kikichomoza, paliza pande zake mbili kwa tupa ziwe bapa, kishike kwa koleo, ukizungushe kushoto polepole.

(ii) Kikichomoza kidogo sana, kata mfuo juu yake kwa msumeno wa chuma, ukitoe kwa bisibisi kama kwamba kina kichwa.

(iii) Kikiwa kimezama, toboa mbao kukizunguka kwa keekee nyembamba mpaka koleo liweze kukishika. Kisha ziba shimo kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, uache kikauke hadi kesho yake, ndipo utoboe upya.

Katika gurudumu la chuma mambo hubadilika kidogo. Kipande kilichoshika kutu hutiwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya mashine, kikaachwa kwa saa kadhaa. Katika mbao mafuta yasitumike, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta.

Hatua ya tatu: Kutia skrubu mpya

Toboa tundu lenye unene wa kiini cha skrubu, yaani mwili wake bila hesi. Tangulia na skrubu ya chuma iliyopakwa sabuni. Hiyo itachonga njia ndani ya mbao. Itoe, kisha tia ya shaba katika njia ile ile. Kabla ya kuifikisha mwisho, weka kipande cha karatasi ngumu kati ya kichwa cha skrubu na ufito. Skrubu ikigusa karatasi, acha, uchomoe karatasi. Nafasi inayobaki yatosha ufito kucheza.

Kazi hii ya mwisho ifanywe na mwanafunzi yule yule aliyevunja. Mwalimu asimame karibu naye, lakini asimpokonye bisibisi.

Darasa kubwa na mfano mmoja

Mwalimu atauliza: watoto wengi watajifunzaje kwa skrubu moja? Siku moja kabla ya somo, atayarishe mabaki ya mbao yenye skrubu zilizokatwa kwa msumeno, nyingine zikichomoza, nyingine zikiwa sawa na uso wa mbao. Kila kikundi kipewe kipande chake, kichague njia, na kieleze kwa nini kimeichagua. Keekee itumiwe na mmoja mmoja mbele ya mwalimu, na vumbi la chuma lifutwe kwa brashi, lisipulizwe kwa mdomo, lisije likaingia machoni.

Uhusiano na masomo mengine

Katika Hisabati, mfano huu hufundisha vipimo. Upana kati ya patali za Reli ya Kati ya zamani ni mita 1. Kwa kipimo cha 1:20, patali za mfano zitaachana sentimita 5. Reli ya upana wa milimita 1,435, ambayo ndiyo aina ya reli mpya ya kisasa ya Tanzania, itahitaji karibu milimita 72. Katika Sayansi, bisibisi, hesi na gurudumu ni mifano ya mashine rahisi.

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi asiogope kuonekana mbele ya darasa akitafuta sababu asiyoijua bado. Wanafunzi wakimwona akitazama, akijaribu na kusahihisha, watajifunza kwamba kitu kilichovunjika huulizwa kabla ya kulazimishwa. Na mtoto aliyekosea, akiisha kuona ufito ukizunguka tena kwa kazi ya mikono yake, hatakuwa na sababu ya kuogopa vifaa vya shule.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini swali "Imevunjikaje?" hufaa zaidi kuliko "Nani ameivunja?" Toa mfano kutoka katika somo jingine unalofundisha.
2. Kikundi kimeamua kukaza skrubu mpya mpaka ufito usicheze kabisa. Utawaongoza vipi wagundue kosa lao bila kuwaambia?
3. Tayarisha andalio la somo la vipindi viwili kwa kutumia zana iliyoharibika katika shule yako ya mazoezi.