Ugoko unauma, Akhwari asingekubali?

*Daktari, mimi hukimbia kila alfajiri kutoka Mbagala. Wiki ya tatu sasa ugoko wa kulia unauma. Nashinda ndani na riwaya, naona mwili unaoza. Akhwari alimaliza na goti bovu, mimi nishindwe na ugoko? Mkimbiaji, Temeke.*

Pole. Unaogopa kwamba kupumzika ni kubomoa ulichojenga, lakini mfano wako unakugeuka. Mwanariadha wetu John Stephen Akhwari aliumia goti kwenye marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde. Ile ilikuwa siku moja ya Olimpiki. Wewe ungejiumiza kila alfajiri. Mfupa hujikarabati ukipumzishwa, na ukiurudisha kwenye lami mapema, nyufa ndogo hukua.

Bonyeza ugoko kwa kidole kimoja. Maumivu yakitanda urefu wa kiganja, huenda ni utando wa mfupa na misuli: acha mbio mpaka yatulie, tembea au ogelea, kisha rudi kidogo kidogo. Yakiwa mahali padogo kama sarafu, au yakikuamsha usiku, huenda ni ufa: usikimbie kabisa. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Temeke, wakupeleke taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, ikibidi. Eksirei ya mapema huweza kukosa ufa, hivyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Ufa wa hapo mara nyingi hudai wiki 6 hadi 8.

Utasema pumzi itakwisha. Itapungua, naam, ila pumzi hurudi kwa mazoezi. Mfupa uliovunjika kabisa hudai miezi. Na riwaya usizione kifungo: *Nagona* ya Kezilahabi ni fupi, lakini haisomeki mbiombio.