Dondoo muhimu: Kabla hujanunua Amouage

Amouage, nyumba ya manukato iliyoanzishwa Muscat mwaka 1983, ina bei za kushtua, kwa hiyo anza na kichupa cha majaribio cha mililita 2. Kikaratasi cha kunusia cha dukani kisikudanganye. Pulizia ndani ya kiwiko, usisugue, kisha endelea na shughuli zako. Mara nyingi harufu nyepesi za ndimu na maua ndizo hutangulia. Ubani, udi na miski hukaa nyuma, na baada ya saa kadhaa ndipo utajua kama mnapatana. Aina mbili kwa siku zatosha, moja kila mkono. Siku hiyo usijifukize udi, tafadhali! Pua ikichoka, kahawa ya kunusa haisaidii kitu. Toka nje upunge hewa.