Nani Alimwona Mynarski?

Sisi tunaosomea ualimu wa historia tumeshakariri maswali ya chanzo: nani kaandika, lini, kwa nini. Kwenye mtihani tunayajibu vizuri. Tukifika darasani kwenye mazoezi ya kufundisha tunayasahau, hasa tukikutana na habari za shujaa. Shujaa ana nishani, nishani ina hati, basi, mjadala umefungwa. Naomba wenzangu tuchukue kisa kimoja cha Vita Kuu ya Pili tukichambue taratibu, kwa sababu humo swali la chanzo ndilo lililoamua nani akumbukwe.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944, ndege ya mabomu aina ya Lancaster, ya Kikosi namba 419 cha jeshi la anga la Kanada, iliondoka Middleton St George, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenda Cambrai, Ufaransa. Iliagizwa kupiga reli. Majeshi ya Washirika yalikuwa yametua Normandy wiki moja tu nyuma, na Wajerumani walitegemea reli kuleta askari na silaha. (Reli hizo zilipita katikati ya miji, kwa hiyo mabomu yaliyolenga treni yaliua pia raia wengi wa Ufaransa, watu walewale waliokuwa wanangoja kukombolewa. Mwalimu asiliruke hilo eti kwa sababu somo la siku ni ushujaa.)

Ndani walikuwemo watu saba: rubani Art de Breyne, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga rashasha wawili. Mmoja wa hao wawili, Andrew Mynarski, alikuwa kijana wa Winnipeg, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Yeye alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya mgongo wa ndege. Mwenzake, Pat Brophy, alikuwa mkiani kabisa, peke yake, kwenye kibanda kinachozunguka huku na huku kutafuta adui. Sasa shika hili: mtu wa mkiani aliweza kuingia ndani ya ndege pale tu kibanda kilipozungushwa kikanyooka sawasawa na ndege. Kikikwama kimegeukia pembeni, mlango haupo. Na kilichokuwa kinakizungusha ni mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba kwa nguvu za injini.

Kabla hawajadondosha mabomu, ndege ya kivita ya Kijerumani iliwavamia gizani. Injini zote mbili za kushoto zikazima, moto ukawaka kwenye bawa na mwingine ndani, upande wa nyuma, kati ya wale wapiga rashasha wawili. Rubani akatoa amri watu waruke. Mynarski alishuka kwenye kibanda chake na kuufikia mlango wa kutokea. Pale ndipo alipomwona Brophy amekwama. Mabomba ya mafuta yalikuwa yamepasuka, na mkono wa kuzungushia kibanda kwa nguvu za mtu ulikuwa umevunjika. Mynarski akaacha mlango, akapita motoni kwa magoti, akachukua shoka, akapiga, akavuta kwa mikono. Kibanda hakikusogea. Nguo zake zilishalowa mafuta na zilikuwa zinawaka. Brophy akampungia mkono aondoke, maana hakuna la kufanya. Akarudi mlangoni kinyumenyume, uso ukimtazama mwenzake, akasimama, akapiga saluti, akaruka huku anawaka.

Brophy akabaki na ndege isiyo na mtu mwingine. Ilipofika chini bawa liligonga mti, ndege ikazunguka, mkia ukakatika, na yeye akarushwa nje, mzima. Wale wengine watano walishatua kwa parachuti, wote hai. Mynarski aliokotwa na Wafaransa, akafa muda mfupi baadaye kwa majeraha ya moto.

Haya, tuhesabu mashahidi. De Breyne na wenzake wa mbele hawakuona kilichotokea nyuma. Aliyekiona ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa na uhakika wa kufa kuliko wote. Mkia usingekatika pale ulipokatika, jina la Mynarski lingeingia kwenye orodha ya waliokufa kwa moto, pamoja na wengi wengine, na hakuna ambaye angekuwa na kosa. Brophy alipokutana tena na rubani wake mwaka 1945 ndipo alipomsimulia, na nishani ya Victoria Cross ikatangazwa Oktoba 1946, zaidi ya miaka miwili baada ya tukio.

Mwanafunzi mjanja atauliza: shahidi mmoja, tena rafiki wa marehemu, tumwamini? Ni swali zuri, msimkemee. Jibu lipo ardhini. Wafaransa waliokuwa chini waliona mtu anashuka, nguo na parachuti vinawaka. Hawakumjua Brophy wala hawakusikia hadithi yake, ila walichokiona kinaingia kwenye simulizi yake kama ufunguo kwenye kufuli.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya mashujaa havisemi. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, nishani nyingi za ushujaa hazikutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa. Kwa tendo la vitani kama lile, marehemu angeweza kupewa Victoria Cross, ile ya juu kabisa, au kutajwa tu kwenye taarifa za kijeshi. Katikati hapakuwa na kitu. Hata kwa walio hai, watu wawili wa ndege moja, usiku mmoja, hatari moja, walipewa nishani tofauti: ofisa alipata msalaba, asiye ofisa alipata medali. Risasi za Wajerumani hazikuuliza cheo cha mtu, ila karani aliuliza.

Kati ya watu wapatao 125,000 waliorushwa na kamandi ya mabomu ya Uingereza, wakiwemo Wakanada, waliuawa 55,573. Mara nyingi ndege ilianguka na wote waliokuwemo, yaani aliyetenda na aliyeona walikufa pamoja. Ndiyo maana mimi naona orodha ya waliotunukiwa isomwe pia kama orodha ya matendo yaliyobakiwa na msimuliaji.

Ningekifundisha kisa hiki kidato cha tatu, nisingeanza na saluti. Ningeligawa darasa makundi matatu: moja de Breyne, moja Brophy, moja wale Wafaransa wa chini. Kila kundi liandike ripoti ya usiku ule kwa yale tu ambayo mtu wake aliyaona kwa macho, bila kuchungulia kwa jirani. Kundi la de Breyne litamaliza mapema sana. Litaandika kwamba ndege ilipigwa, injini zikazima, amri ya kuruka ikatolewa, na mpiga rashasha mmoja akafa.