Leseni, Maradhi na Haki: Darsa Kutoka Mpaka wa Busia na Tororo



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, mimi ni mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya. Leo ninaleta swali ambalo sisi watu wa mpakani tumeishi nalo: maradhi yakiingia na serikali ikatoa amri, je, ni haki kumnyang'anya mfanyabiashara leseni yake kwa kuivunja amri hiyo? Ikiwa ni haki, kwa masharti gani? Wengi wetu ni watoto wa wachuuzi, wenye maduka na madereva. Karo tunayolipa imetoka kwenye meza ya biashara ya mtu, na baadhi yetu kesho ndio tutakuwa maafisa wa afya, mawakili na mahakimu wa kuamua meza hiyo ibaki au iondolewe.

1. Mtaa mmoja, amri mbili

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Kaskazini yake iko Malaba, ambayo upande wa Kenya ni Kaunti ya Busia na upande wa Uganda ni Wilaya ya Tororo. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Mtu huamka Uganda, akauza Kenya, akarudi kulala kwake.

Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha korona tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 18 Machi, Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule, misikiti, makanisa na baa nchini Uganda. Kenya nayo ilifunga baa na nyumba za ibada mwezi huohuo, na kafyu ikaanza tarehe 27 Machi. Mpaka ukafungwa kwa abiria ukaachwa kwa mizigo, na kufikia Mei malori yaliyokuwa yakisubiri vipimo Malaba yalipanga foleni ya kilomita nyingi.

Kisha amri zikaachana. Kenya iliruhusu baa kufunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2020. Uganda haikuruhusu mpaka Januari 2022. Kwa zaidi ya mwaka mzima, biashara iliyokuwa halali upande mmoja wa barabara ilikuwa kosa upande wa pili, na wateja walijua njia za panya kuliko askari. Juni 2021 mambo yakageuka tena: Busia ikawekwa pamoja na kaunti nyingine 12 za Magharibi, Nyanza na jirani zake katika eneo la hatari. Kafyu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko ya wazi yasiyo ya chakula yakasimamishwa kwa siku 30.

Mambo haya hayajapita. Oktoba 2022, kwa sababu ya Ebola, Uganda ilifunga baa na nyumba za ibada katika wilaya za Mubende na Kassanda. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox, kwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Yatakuja mengine, Allah atukinge, na amri zitakuja nayo.

2. Tutofautishe maneno

Sokoni watu husema tu "wamefungiwa", lakini kisheria kuna mambo matatu. La kwanza ni kufunga mahali kwa muda ili hatari iondoke, mfano mkahawa usio na maji ya kunawa. La pili ni kusimamisha leseni: ruhusa bado ni yako, lakini huwezi kuitumia mpaka masharti fulani yatimie au muda fulani uishe. La tatu ni kufuta leseni, ambapo ruhusa imekwisha na huna budi kuanza upya, kama utakubaliwa.

Kanuni za korona zilizotolewa Kenya mwaka 2020 chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ziliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Leseni ni mlango mwingine. Mwezi Julai 2020 serikali ilionya kwamba baa zitakazokaidi, pamoja na zile zilizojivika jina la mkahawa, zitapoteza leseni zao. Tuzipime adhabu hizo mbili. Faini ya shilingi 20,000 inauma, lakini ina kikomo. Leseni ikifutwa, hasara haina kikomo, na inamfikia mhudumu, muuza kuku na mwenye nyumba ambao hawakuvunja amri yoyote.

3. Nani mwenye mkono wa kutoa na kutwaa?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka leseni za biashara, leseni za vileo na usimamizi wa wauzaji wa chakula mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo tangazo la Nairobi lina uzito mkubwa, lakini leseni ya Busia hutolewa na kuondolewa na chombo cha Busia, kwa utaratibu ulioandikwa. Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa njia ya haraka, ya kisheria na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 ikafafanua: mtu apewe taarifa, asikilizwe, aelezwe njia ya rufaa.

Ng'ambo, leseni za biashara hutolewa na serikali za mitaa. Katiba ya Uganda ya 1995, Kifungu cha 42, inampa mtu anayefika mbele ya afisa wa utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu na kwenda mahakamani asiporidhika. Kifungu cha 44 kinataja haki ya kusikilizwa kwa uadilifu miongoni mwa haki zisizoweza kuondolewa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo hata maradhi hayaiondoi.

Shangazi yangu alikuwa akiuza chai na mahamri karibu na kituo cha magari. Mwaka 2021 maafisa walikuja wakaona wateja wamebanana kwenye benchi, wakamwambia afunge. Hawakumwandikia kitu, hawakumwambia ni kwa siku ngapi, wala hawakusema arekebishe nini. Benchi aliliondoa jioni ileile, lakini hakujua amwonyeshe nani. Siku ya tisa mtu mwingine akapita akamwambia, "Mama, fungua tu." Mpaka leo hajui kama leseni yake ilisimamishwa au la. Wateja walikuwa wamebanana kweli, na kumwambia afunge kulikuwa na sababu. Ila siku nane kati ya zile tisa hazikumkinga mtu yeyote na maradhi.

4. Mafundisho ya dini yetu

Uislamu haukungoja karne hii kuzungumzia amri za maradhi. Mtume (s.a.w.) alifundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba watu wasiingie penye tauni wala wasitoke huko wakiikimbia. Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, akapata habari za tauni, aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akawasikiliza. Baada ya hapo aliamua kurudi, na Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja kumjulisha hadithi hiyo. Tuone mpangilio: kiongozi ana mamlaka ya kuzuia, lakini ameshauriana kabla ya kuamua.

Upande wa soko, wanazuoni wetu waliandika sana juu ya hisba, yaani usimamizi wa sokoni na wa mambo ya hadhara. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, anaeleza kwamba muhtasibu hushughulikia maovu yaliyo dhahiri, si kupekua yaliyofichika. Imam al-Ghazali katika Ihya akazipanga hatua kwa daraja: kwanza kumjulisha mtu kosa lake, kisha kumwaidhi, na ukali huja baadaye. Anayeanza na kufuta leseni ameruka ngazi zote akaanzia juu ya paa.

Kuhusu kusikiliza, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Na Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ananukuu kauli ya Qadhi Iyadh kuhusu mtu anayejulikana kudhuru watu kwa jicho: mtawala amzuie kuchanganyika nao, na akiwa fukara apewe cha kumtosha. Tulifikirie hilo. Mtu anadhuru kweli, kumzuia ni wajibu, na bado njaa yake haijasahauliwa.

5. Mtihani wetu: baa

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: baa zikifungwa, si heri? Pombe kwetu ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki dhidi ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Pia tutumie akili. Afisa akizoea kufuta leseni ya baa bila barua na bila kumsikiliza mwenyewe, mazoea hayo hayatabaki kwenye baa. Yatafika kwenye bucha ya halali, kwenye duka la dawa, kwenye banda la mahamri. Kipimo cha uadilifu wetu ni namna tunavyotaka atendewe yule ambaye biashara yake hatuipendi.

6. Masharti ya leseni kusimamishwa kwa haki

Kwa kukusanya tuliyoyaona, mimi naona masharti sita:

Kwanza, amri iwe imetangazwa kwa lugha ambayo mchuuzi anaielewa.
Pili, kosa liwe dhahiri na limethibitishwa, si uvumi wa mshindani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari.
Tatu, anayeondoa leseni awe ndiye mwenye mamlaka hayo kisheria.
Nne, onyo litangulie. Hatari ikiwa kubwa, mahali pafungwe hapohapo, na mwenyewe asikilizwe ndani ya siku chache.
Tano, kuwe na karatasi: kosa gani, muda gani, arekebishe nini, akate rufaa wapi.
Sita, hatari ikiondoka, kizuizi kiondoke. Kufuta kabisa kubaki kwa mkaidi aliyerudia baada ya kuonywa.

Nasi tuna wajibu wetu. Anayejificha nyuma ya pazia akauza usiku wakati wa maradhi anahatarisha wazee wa mtaa mzima, na kuepusha madhara ni msingi wa dini yetu. Kwa hiyo tuanze kwa kutii, kisha tudai haki yetu kwa njia ya sheria. Ukiwa nyumbani likizo, msaidie mzazi au jirani kupanga vibali vyake kwenye faili moja, na akifungiwa, mwandikie barua fupi ya kuomba sababu kwa maandishi. Ni sadaka ya elimu isiyogharimu zaidi ya karatasi.

Maswali ya halaka

1. Ikiwa amri za nchi mbili zinapingana kwenye mtaa mmoja, mfanyabiashara anayevuka kila siku afuate ipi, na wapi?
2. Je, hazina ya serikali, au zaka yetu, iwasaidie waliofungiwa kwa maslahi ya wote?
3. Katika masharti sita hapo juu, ni lipi lingeweza kulegezwa wakati wa Ebola, na kwa hoja gani?
4. Misikiti nayo ilifungwa mwaka 2020. Je, masharti haya yanaihusu kwa namna ileile?

Allah atujaalie kuwa wenye kutii kwa haki na kutawala kwa uadilifu. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.